Ubatizo wa Kesho

Basi lilitoka Bariadi kwa amani, mpaka Thadei, mhasibu wa halmashauri aliyeketi kando ya mama mmoja, Nyanjige, alipomwambia mkewe kwenye simu kwamba mtoto abatizwe tu, yeye kesho ana mashindano.

Nyanjige alishindwa kuvumilia. "Mashindano gani hayo yanayompita mwanao?"

"Ni kuogelea ziwani, halafu baiskeli, halafu mbio, mama. Wiki nzima niko ofisini. Jumapili ni yangu."

"Yako! Na ya mkeo ni ipi?"

"Mama, usiingilie ndoa ya mtu."

"Ndoa umeileta mwenyewe humu ndani, kwa makelele! Nani atamshika mtoto kanisani?"

"Bibi yake yupo."

Bibi! Likiwashinda, bibi yupo. Nyanjige mwenyewe alikuwa anakwenda Kiloleli kulea wajukuu watatu, ambao baba zao wote wako hai na wazima wa afya.

"Na ukishinda unapewa nini?"

"Siendi kushinda, mama. Naenda kumaliza tu."



Lamadi basi likasimama. Thadei akawahi kushuka, akaipokea baiskeli yake kutoka kwenye buti kwa mikono miwili, taratibu. Ilikuwa imefunikwa vizuri, isichubuke, kwa shali nyeupe ya mtoto.