Soksi ya Bi. Sugawara na Sakafu ya Chumba cha Kulala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Onodera Chizuru,

Saa moja kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumanne wiki hii, soksi ya mguu wa kushoto ya mwenzetu Bi. Sugawara Tomie ililowa. Alikuwa katika chumba cha kulala watoto, ambako tangu sakafu ikamilike hakuna fundi anayeingia na viatu. Tunaanza na hilo kwa sababu ombi letu la leo linatoka hapo.

KARIBU

Sisi mafundi mbao thelathini na wanne tunakukaribisha katika Chekechea ya Minasawa. Utepe umefungwa mlangoni kama ofisi yako ilivyoagiza, na mkasi uko kwenye sinia.

TULIKOTOKA NA TULICHOFANYA

Kazi ilianza Agosti mwaka jana. Mierezi yote imekatwa katika msitu wa mji huu. Kuta hazipenyezi upepo, chini ya sakafu kuna tabaka la nyuzi za mbao la kutunza joto, na juu ya paa kuna bustani. Februari, theluji ikiwa mita moja na nusu nje, chumba tulichokikamilisha kwanza kilibaki na joto la nyuzi kumi na tisa kwa hita moja ndogo.

Hakuna aliyeumia. Kila asubuhi kabla ya kushika zana, kila mmoja wetu hunyooshea kidole hatari ya siku hiyo na kuitaja kwa sauti. Lolote lililokaribia kuwa ajali huandikwa kwenye kadi ya nusura. Tulikuwa na kadi 211. Ya Bi. Sugawara ni ya 212.

CHANGAMOTO

Ni moja, na tumeisababisha wenyewe.

Jumamosi tulisafisha paa kwa heshima ya ugeni wako. Tulitoa chujio la bomba la maji ya bustani, tukalisugua, tukaliacha juani likauke. Jumapili mvua ilinyesha. Majani yaliziba bomba, maji yakatafuta njia yake, yakashuka ndani ya ukuta hadi chini ya sakafu. Hatari hii tulikuwa tumeiorodhesha tangu mwanzo, tukaipa daraja la chini kwa sababu mvua za Juni zilipita bila tone kuvuja. Hatukufikiria hatari ya chujio safi lililo mbali na bomba lake.

Jumanne hiyo, msimamizi wetu, Bw. Takizawa, alisimama mlangoni na viatu vyake.

"Umemwaga chai, mama."

"Chai yangu haijawahi kuwa baridi namna hii. Vua viatu uje ukanyage."

"Ijumaa ndiyo siku ya heri kwenye kalenda, ya kufungulia jengo. Meya anakuja. Mikeka ikitandikwa Jumamosi, nani ataona?"

"Mikeka itaficha soksi yangu, bosi. Kuvu haifichiki. Wewe mjukuu wako si anaanza hapa Jumatatu? Atalala upande gani?"

Bw. Takizawa alivua viatu. Alitembea hadi dirishani na kurudi. Kisha akasema, "Leteni kipimo." Kadi ya 212 ina sahihi mbili, na ya pili ni yake.

Bomba lilizibuliwa siku ileile saa sita mchana, chujio likarudishwa na kufungwa kwa skrubu. Tulijaza maji juu ya paa kwa saa mbili. Hayakuvuja.

Unyevu wa mbao za sakafu Jumanne ulikuwa asilimia 27, Jumatano 25, Alhamisi 23. Kikomo chetu ni 15. Katika jengo linalopitisha upepo, unyevu uliobaki ungetoka wenyewe. Hili tumelijenga lisipitishe. Mikeka ikiwekwa kesho, watoto arobaini na wawili watalala juu ya kuvu ambayo hakuna atakayeiona hadi wakohoe.

OMBI

Tunaomba usikate utepe leo.

Tunajua uzito wa kuahirisha siku ya heri iliyokwisha kutangazwa. Feni nne zinafanya kazi, na kwa kasi tunayoipima, tukizingatia kupungua kwake mbao zinapokaribia kukauka, sakafu itafika kikomo Jumatano. Siku ya heri inayofuata kwenye kalenda ni Alhamisi. Siku hiyo tutakukabidhi jengo hili bila shaka yoyote, na kipimo utakishika wewe mwenyewe.

Usituamini kwa maneno. Ingia ukanyage.

Tunakutakia afya, na mji wetu msimu wa baridi usio na madhara.

Kipimo cha mwisho, saa tatu asubuhi hii, mbele ya Bw. Takizawa: asilimia 21.4. Saa tatu na robo, Bi. Sugawara alikuwekea jozi moja ya soksi nyeupe, saizi ya sentimeta 23, kwenye kizingiti cha chumba cha kulala.

Ni sisi,
Mafundi Mbao wa Chekechea ya Minasawa