Mbio za Mwendo wa Pole

Nyuma yangu kwenye treni, fundi bomba alikuwa akimlalamikia mama mmoja muuguzi ambaye hata hawajuani naye. “Binti yangu kawa wa kwanza mbio za baiskeli! Nilimpigia kelele, ‘Kanyaga, mwanangu!’ Akakanyaga. Nikambeba mabegani uwanja mzima. Tangu hapo kaninunia.”

“Mbio zipi, baba?”

“Za mwendo wa pole.”

Mama akashika mdomo. “Hizo anashinda wa mwisho, mradi asiweke mguu chini.”

“Wa mwisho? Si wangebaki nyumbani!” Hata mimi niliona ana hoja. “Kwa hiyo nilimzungusha uwanjani kwa kushindwa?”

Treni ikasimama kabla hajajibiwa. Tukasukumana kuwahi mlango. Fundi, spana zake mkononi, alimpisha kila mtu, akitutazama kama asiyejua tena nani kati yetu anashinda.