Kura Yangu kwa Mradi wa Mama Yenu

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tatu na robo asubuhi, mama yenu alipotutoka. Sikilizeni wanangu, na mniwie radhi nikisema polepole, maana pumzi yangu nayo inaaga.

Mnaijua kazi yetu: programu tunazoandika na wenzetu na kuziacha wazi, yeyote azichukue bure, azisome zilivyoundwa, azirekebishe. Sheria ya kuanzisha mradi mpya niliiandika mimi. Watatu kati yetu wakubali ndani ya mwezi, na asiyejibu ahesabiwe amekataa. Niliiweka baada ya ile programu ya kalenda ya wakunga kutelekezwa na aliyeianzisha, tukabaki sisi kutukanwa na walioitegemea.

Mama yenu aliomba mradi wa kuwasomea wasioona maandishi ya chupa za dawa. Wawili wakakubali. Mimi nikanyamaza, nikiogopa kuambiwa nampendelea mke wangu. Mezani ananimiminia chai, ananiuliza, "Mzee, bado unafikiri?" Namjibu, "Bado." Anacheka: "Haya, fikiri, ila chai isipoe." Mwezi ukaisha. Jana nimefungua kompyuta yake, nikakuta ombi limeandikwa "limekataliwa", na chini yake nusu ya kazi, ameiendeleza peke yake. Nililikataa mimi, bila kufungua mdomo.

Tangu jana najiuliza, na kweli nataka kujua: ruhusa kiasi gani inatosha? Wewe kifungua mimba umeniambia, "Baba, tukilegeza, kila mtu ataleta takataka zake." Sikubishii. Lakini anayeanza tu anamdhuru nani? Nadhani hatari huja watu wanapoutegemea mradi, nao umebeba jina letu. Basi anayetaka kuanza aanze, asiombe. Akitaka jina letu, hapo aulizwe: ukiondoka, nani atautunza? Wawili wakiridhika, yatosha, na aliyenyamaza asihesabiwe upande wowote. Labda nakosea. Mkiona nimekosea, badilisheni.

Wewe kitinda mimba, nywila zote nakuachia. Kazi ya mama yenu mwimalize wawili, msigombane. Kura yangu ni ndiyo. Iandike sasa, nione... Nisogezee maji kidogo.

Mungu awatunze, awape subira ya kusikilizana. Ee Mola, mpokee mama wa watoto hawa, msamehe alipoteleza, mpe mahali penye nuru. Na kama huko kuna kazi, mpe, maana kukaa bure hakuzoea. Amina.