Mama Nakala Tatu na Leseni ya Ofisi ya Bima

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, haya ni maisha ya dada yetu kwa ufupi, yameandikwa na yanasomwa na mdogo wake anayemfuata. Yeye alipenda mambo yenye tarehe, kwa hiyo tutajitahidi.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule Januari 1965. Kwa miezi miwili mwalimu aliita majina kila asubuhi na la kwake halikuitwa, kwa sababu siku ya kuandikisha mama alikuwa ameitwa kuzalisha, na baba akadhani mama ameshakwenda. Mtoto mwingine angefurahia. Yeye alijipeleka kwa mwalimu mkuu akamwambia, "Mwalimu, mimi nipo, lakini kwenye daftari sipo." Akaandikishwa siku hiyo hiyo. Alimaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea uhazili kwa miaka miwili.

Machi 1979 aliajiriwa karani katika ofisi ya dalali wa bima, chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la viatu. Aliipenda kazi ile, na mwandiko wake mzuri ndio uliojaza stakabadhi zote. Mwaka 1986 karakana ya seremala mmoja, mteja wao, iliteketea. Seremala alipokuja kudai fidia, ndipo ilipojulikana kwamba leseni ya ofisi ilikuwa imekwisha tangu mwaka uliotangulia, bosi hakuihuisha, na kampuni ya bima haikuwa inamtambua tena. Bosi akaingia mitini. Seremala alikuja kukaa kwenye benchi la ofisi wiki nzima, hakumtukana mtu. Siku ya mwisho alimwambia dada, "Binti, mimi sikuuliza karatasi. Nilikuangalia wewe usoni, nikaona inatosha." Dada alitusimulia maneno hayo mara moja tu, akilia.

Kwa hiyo alipoamua kufungua ofisi yake, mwaka 1991, hakutaka njia ya mkato. Mamlaka ya bima ilimtaka alete cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha mafunzo ya bima, barua ya polisi kwamba hana kosa, wadhamini wawili na mkataba wa pango. Alipeleka. Akarudishwa kwa sababu picha yake ilikuwa na kivuli kwenye sikio. Alikwenda mara saba. Kwa miezi mitano ofisi ilikuwa na meza, viti na yeye mwenyewe, na haikuuza bima hata moja, huku watu wakimuuliza kama viti ndivyo vinavyouzwa.

"Wewe anza tu," mdogo wake huyu alimshauri, "leseni itakukuta njiani."

"Na moto ukinikuta kabla yake?"

Mdogo wake akaacha kutoa ushauri. Leseni ilitoka tarehe 14 Novemba 1991. Aliitundika mkabala na kiti cha mgeni, na hakuna mteja mpya aliyepona bila kuisoma mpaka tarehe ya mwisho. Kila mwaka alipeleka maombi ya kuihuisha miezi mitatu mapema, na kila karatasi aliitolea nakala tatu. Jina la Mama Nakala Tatu alipewa na makarani wa Mamlaka wenyewe, nao hawakumwita hivyo kwa ubaya.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na fundi saa, wakajaliwa binti na mwana. Alipokabidhiwa cheti cha ndoa, aliomba nakala mbili zaidi palepale, bwana harusi akadhani anataniwa. Shemeji yetu anasema moja ni yake, moja ni ya mkewe, na ile ya tatu hajui mpaka leo ni ya nani.

Februari 2024 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na Machi 4 daktari akatuambia ni saratani ya kongosho. Hapo ndipo sheria aliyoitii miaka thelathini na tatu ilipomgeukia. Ofisi ya bima lazima iwe na msimamizi aliyesajiliwa kwa jina. Akifariki na hakuna mwingine aliyeidhinishwa, leseni inakoma siku ile ile. Msimamizi alikuwa yeye peke yake. Binti yake alikuwa amefaulu mitihani yote na kufanya kazi pale miaka kumi na mmoja, lakini fomu ya kumrithi mama ilikaa kabatini miezi minne bila saini.

"Nikisaini hii, mama, ni kama nakuchimbia kaburi huku unaniona."

Sisi wengine tulimuunga mkono binti, tena kwa sauti. Tulikosea, na tunakiri hapa mbele yenu.

"Mwanangu, kufa nitakufa, usaini usisaini," mama alimjibu. "Kuna watu wameniamini na nyumba zao. Wakiunguliwa siku ninayozikwa, utawaambia nini?"

Binti alisaini Jumanne, tarehe 2 Julai, kando ya kitanda cha mama hospitalini, akilia. Chozi likadondokea wino. Mama akatazama fomu, akaagiza nyingine. "Mamlaka hawapokei fomu yenye unyevu," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Idhini ilitoka Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Hata hivyo binti alikataa kutumia cheo hicho mama yake akiwa hai. Kila karatasi aliipeleka hospitali, akashika ubao chini yake, na mama akasaini polepole.

Dada yetu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mumewe na binti yake walikuwa wamemshika mikono.

Sheria inasema msimamizi akifariki, msimamizi aliyebaki atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba. Tulimsihi binti apumzike, ayaache hayo mpaka baada ya mazishi. Alikwenda ofisini mchana ule ule, akaketi kwenye kiti cha mama, akaandika mistari minne. Hiyo barua ya kifo cha mama yake ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisaini kama msimamizi. Ofisi haikukosa leseni hata kwa saa moja.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, ndugu wanne, na wateja waliolala salama usiku ule bila kujua kwamba lolote limebadilika. Dada, tumekuelewa, ingawa kwa kuchelewa. Pumzika kwa amani.