Mama Chekeche Anakiaga Kifusi

Tarehe 30 Juni, Mama Chekeche anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuchambua kifusi. Hapa yadi hakuna atakayeamini mpaka aone geti limefunguliwa na mtu mwingine.

Alianza kwa kung'oa misumari kwenye mbao za nyumba zilizobomolewa, akapanda hadi msimamizi wa uchambuzi. Zege huku, matofali kule, nondo pembeni, na ole wake dereva atakayemwaga vigae kwenye lundo la zege! Jina la Chekeche alilipata kwa haki, maana kwake hakipenyi kitu. Hata chai ya ofisini hanywi kabla hajatenga vikombe vizima na vyenye ufa. Mumewe anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo, na yeye mwenyewe hadi leo hajui amewekwa lundo gani.

Bidii hiyo nusura ituponze. Kuna mwaka halmashauri ilitaka kuifunga yadi, kifusi chote kikatupwe bondeni. Tukapewa nafasi moja tu: tuwaonyeshe wakaguzi vitofali vya kutandika barabarani, vilivyotengenezwa kwa kifusi chetu. Tukavitengeneza, tukaviweka karibu na mashine ya kusagia bila kumwambia Mama Chekeche. Asubuhi ya ukaguzi Mama Chekeche akawahi kufanya usafi, akavikuta, akadhani ni mabaki ya barabara iliyobomolewa. Akavisaga vyote. Lahaula!

Alipoambiwa, alikaa chini akalia, maana alijua sote tungekosa kazi. Kisha akajifuta uso, akaenda kuwapokea wakaguzi mwenyewe. Akawatia kokoto mkononi, akawaeleza bila kupepesa macho kwamba juzi zilikuwa ukuta, jana zilikuwa vitofali, leo amevisaga yeye kwa makosa, na wakiwa na subira zitakuwa vitofali tena. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakasubiri, tukavifyatua upya mbele ya macho yao. Yadi ikabaki wazi.

Mama Chekeche, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokubali kupangwa. Nami nina shukrani yangu binafsi. Siku ile nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, sijui nitamlea na nini. Sasa ananizidi kimo. Nenda ukapumzike, mama, umetulelea wengi.