Mama Nabalayo, Mzazi wa Bendi ya Kutu

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Makongeni, jamaa mliosafiri kutoka Chwele, na ninyi vijana, wasee wa fulana nyeusi mliojaza viti vya nyuma, nawasalimu nyote kwa jina la Bwana. Mimi ni Luseno Masinde, karani mstaafu, ndugu mdogo wa marehemu, na ndiye msomaji wa historia za familia hii kila tunapofiwa, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sisahau tarehe, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Hii ya leo marehemu aliikagua mwenyewe akiwa kitandani, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa siku ya mwisho niliyoiongeza mwenyewe, kwa hivyo mkisikia jambo la kuniaibisha, mjue limepita kwa idhini yake.

Marehemu Mama Nabalayo Mulongo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 katika kijiji kilicho karibu na Chwele, Kaunti ya Bungoma, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Masinde na mkewe, na mimi nilipozaliwa miaka sita baadaye yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akaja kusema maisha yake yote kwamba nilikuwa mzito na mchongezi.

Alisoma katika shule ya msingi ya hapo kijijini hadi darasa la saba, akafanya mtihani wake mwaka wa 1972 na kupita vizuri kuliko nilivyopita mimi, lakini nafasi ya sekondari katika boma letu ilipewa wavulana, jambo ambalo alinikumbusha kila alipopata mwanya. Akajifunza ushonaji kanisani kwa miaka miwili, na cherehani ikawa kazi yake hadi mwisho.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na marehemu Mzee Mulongo, fundi wa mabehewa ya reli, wakaishi hapa Makongeni katika chumba kimoja na jiko la nje, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dishon aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1985, na Mourine aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1993. Alishona katika kiwanda kimoja cha nguo huko Baba Dogo kuanzia 1988 hadi 2001, kisha akaweka cherehani yake barazani na kushona sare za shule, majoho ya kwaya na mapazia ya nusu ya mtaa huu. Mumewe alimtangulia tarehe 19 Juni 2004.

Sasa tunafika pale ambapo msomaji mwingine angeruka, na hasa mimi, kwa maana niliwahi kuruka.

Dishon alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Baba Dogo, na pamoja na Gachanja, fundi mwenzake anayepiga gitaa, na Kanyiva, dada wa kupiga ngoma ambaye siku za kazi huuza rangi dukani, alianzisha bendi ya muziki wa metali, ule wa magitaa makali na makelele, iliyoitwa Kutu. Walifanya mazoezi Jumapili mchana katika karakana yao, mahali ambapo kila kitu hupiga kelele na hakuna wa kulalamika, na Dishon ndiye aliyekuwa akiimba, kama kule kunguruma kama trekta linalokataa kuwaka kunaitwa kuimba. Mimi niliona aibu, watu walisema ati ni muziki wa shetani, na badala ya kumuuliza kijana mwenyewe, niliuliza watu. Mama yake hakuuliza mtu, aliwashonea mashati meusi, akapachika na herufi za jina lao kwa mkono.

Dishon aliugua homa ya uti wa mgongo, siku nne tu, akatuacha tarehe 11 Machi 2019, na tukamzika Chwele tarehe 23 mwezi huo huo. Mimi ndiye niliyeandika historia yake na kuisoma, na jamani, humo sikutaja Kutu hata mara moja, miaka yote ile ya maisha ya kijana nikaifuta, nikaongeza na uongo juu, kwamba marehemu alipenda sana nyimbo za kwaya, Dishon huyo ambaye hakuwahi kuvaa joho hata siku ya Krismasi. Wenzake walikuwa wamesafiri kutoka Nairobi wakiwa na mashati yale aliyowashonea mama, wakasimama kando ya ua wa michongoma wakingoja kusikia majina yao, na nilipofunga karatasi Kanyiva aliondoka bila kuonja chakula.

Kuanzia siku hiyo dada yangu hakunisemesha. Sikutengwa, la, nilipokuja hapa nilikaribishwa, nikapewa kiti kizuri, lakini alikuwa akimwambia Mourine amwambie mjomba wake kwamba chai iko tayari, na mjomba mwenyewe nimekaa hapo hapo naishika sahani. Niliona ni hasira za msiba, zitapita, kumbe mwaka wa kwanza uliisha, na wa pili, na wa tatu, na mimi kwa kiburi changu nikawa najibu kupitia kwa Mourine vilevile, watu wazima wawili wenye mvi tukimgeuza binti kuwa posta.

Bendi nayo haikupanda jukwaani kwa miaka miwili. Gachanja na Kanyiva walikutana Jumapili, wakasimamisha kipaza sauti katikati, wakapiga nyimbo zote bila mwimbaji, hadi siku moja mwaka wa 2021 Mourine aliyekuwa amewapelekea chakula kutoka kwa mama akasogea, akashika kile kipaza sauti na kuanza kuimba. Nilimuuliza baadaye msichana mpole kama yeye anatafuta nini mle, akaniambia huo ni muziki wa watu wenye hasira wanaotaka kuimalizia pale karakanani wasirudi nayo nyumbani, na hasira za nyumbani kwetu nilikuwa nazijua.

Mwaka wa 2023 akaja Hodo, binti wa Eastleigh mwenye kamera, akitaka kutengeneza filamu kuhusu bendi iliyoendelea baada ya kupoteza mwimbaji wake, akaniomba nizungumze, nikakataa mara mbili. Lakini mwezi Septemba 2024 madaktari walimkuta marehemu na saratani ya koo la chakula, wakatuambia bila kuzungukazunguka kwamba muda si mrefu, na wiki hiyo hiyo Hodo akaja kwangu na kompyuta yake, kwa ustaarabu wake, ili nisije nikashtukia filamu mbele za watu. Lo! Mtu alikuwa amerekodi mazishi ya Dishon kwa simu. Nilijiona nimesimama na miwani yangu nikitangaza zile nyimbo za kwaya, na nyuma yangu nikamwona dada yangu ameinamisha kichwa, si kwa kilio, kwa aibu, aibu yangu mimi. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwamba Nabalayo atakwenda na mimi nitabaki na chai ya kuambiwa kupitia kwa Mourine.

Nikaenda karakanani na kalamu, nikaweka pamba masikioni, nikawaomba Gachanja na Kanyiva msamaha, nikaandika walichoniambia, mahali, nyimbo, maonyesho, na Januari 2025 nikasimama mbele ya kamera ya Hodo nikasoma upya historia ya Dishon, pamoja na ile sehemu niliyoifuta.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja wa huku Makadara. Marehemu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akakaa mbele, nami nikakaa kando yake, na nilipomaliza kusoma pale kwenye kitambaa cha filamu, dada yangu akanigeukia na kunisemesha kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Aliniambia nimekosea mwaka. Ati bendi ilianza 2007, si 2008, anakumbuka kwa sababu mkanda wa cherehani ulikatika akishona mashati yao, na mtu anayejisifu kwa tarehe angemuuliza mwenye mtoto kwanza. Ningemuuliza vipi na haongei nami? Nililia pale mbele ya vijana, sikuona haya, na yeye akacheka hadi akakohoa.

Baada ya hapo hakunyamaza tena, alinitania, akanikosoa, akanidai simulizi za utotoni, na wiki hizo kumi na moja Mungu alizotuongezea ni zangu hadi nami niende. Alitutoka nyumbani kwake Jumanne tarehe 29 Julai 2025, saa nne asubuhi, Mourine amemshika mkono huu na mimi huu. Nina huzuni, ndiyo, lakini niwaambie ukweli, nina nafuu moyoni, sikuchelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani waliopika na kukesha nasi, akina mama wa chama cha mafundi cherehani, wenzake wa zamani wa kiwandani, Hodo kwa subira yake, na Mchungaji kwa kukubali Kutu wapige wimbo mmoja hapo nje baada ya ibada, wenye moyo dhaifu wakae mbali na spika.

Kama ilivyo desturi, namalizia kwa wale aliowaacha, na hapa ndipo aliponishika mkono akaniamuru niandike kama anavyosema. Marehemu ameacha watoto watatu, nao nawaomba wasimame ili muwaone: Mourine Mulongo. Gachanja. Kanyiva.

Dada, wamesimama. Sasa pumzika kwa amani.