Kompyuta Isiyozima Jumapili

Kijiwe chetu cha Rwekubo, hapa kambini kwa wakimbizi, ni ubao mmoja juu ya matofali sita, umeegemea ukuta wa mabati wa sekretaria ya Venuste, kibanda chake cha kuchapia barua. Mimi na jiko langu la kahawa tuko mwisho wa ubao, mahali pasipo na upepo. Wanaokaa hapo ni wanaume waliomaliza kazi kabla ya kuianza. Wa kila siku ni watatu. Baudouin wa Uvira tunamwita Fundi Waya, maana redio ikiingia mikononi mwake hutoka waya tupu. Cassien, Mrundi mwenzangu, ni Maître, yaani mwalimu. Alifundisha darasa la tatu miezi miwili, na tangu hapo hajaacha kufundisha. Wa tatu ni Afande, Munyankole aliyelinda mlango wa benki moja Mbarara miaka minne, akafukuzwa akiwa amelala.

Venuste ana kompyuta moja. Anaandikia watu barua na kuwatumia fomu. Ina wiki mbili sasa inamtesa: asubuhi inaamka vizuri, saa nne inaanza kupumua kama mtu anayepanda mlima, halafu giza. Ndani yake kuna fomu tisa za watoto wanaoomba kusomeshwa chuo, na mwisho wa kuzituma ulikuwa siku hii ninayoisimulia, saa kumi. Basi jana yake Venuste alikwenda Mbarara na baiskeli, akarudi bila baiskeli, amekumbatia kiyoyozi kilichong'olewa dirishani kwenye hoteli inayobomolewa. Alikiweka mbele ya ubao. Wanaume wakakizunguka kama ng'ombe mgonjwa.

— Bibi, usiicheke, Fundi Waya akaniambia. Hii klimatizeri njo ile ya ma-bureau ya bakubwa. Baridi yake tutaipeleka mu tumbo ya kompyuta. Joto itakimbia yenyewe.

— Itakimbilia wapi?

— Inje.

— Huko nje ndiko tuliko sisi.

Maître alikohoa. Akikohoa hivyo ujue methali inakuja, na haijui inakokwenda.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiyoyozi ni mgeni, kompyuta ni mwenyeji. Wahenga walishayaona haya.

Wahenga hao walikufa hawajaona hata balbu, lakini sikumkatiza. Alikuwa bado hajalipa kikombe cha juzi, na mtu wa namna hiyo huachwa aongee mpaka aone aibu. Maître haoni.

Afande alisema yeye ndiye wa kusikilizwa, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuishi na chombo hicho.

— Kwa benki hii kitu naijua. Meneja alikuwa anavaa koti mchana, na sweta ndani. Mimi kwa mlango nasikia baridi kwa goti.

— Na wewe ulikuwa unafanya nini?

— Mimi nalala.

Kazi ikaanza. Fundi Waya alifungua ubavu wa kompyuta kwa kisu cha kumenyea viazi, kisu changu. Bomba la kupitishia baridi hawakuwa nalo, wakatumia suruali kuukuu ya Maître. Kiuno wakakifunga kwenye mdomo wa kiyoyozi, mguu mmoja wakauingiza kwenye kompyuta, mguu wa pili wakaupiga fundo. Sijawahi kuona suruali ya Maître ikiwa na kazi kama siku hiyo. Walipowasha, ikavimba kama mtu mnene ameingia, ikapiga teke mara moja, na umeme ukakatika mstari mzima wa maduka. Kinu cha jirani kikanyamaza katikati ya mahindi. Mwenye kinu akatoka na unga kwenye nyusi, akauliza ni nani. Wote walionyesha suruali. Alirudisha swichi, akasema siku nyingine atasaga mtu.

Hapo Venuste akatoka ndani, shati limemganda mgongoni.

— Wakubwa, ni saa saba. Nina watoto wa watu humo ndani.

Hakuna kinachowachangamsha wanaume hawa kama shida ya mtu mwingine. Fundi Waya akapendekeza kompyuta ifukiwe shimoni na majani ya mgomba, kama tunavyofukia ndizi za pombe. Nikamwambia ndizi hufukiwa ili zipate joto. Akasema ndiyo, lakini kompyuta si ndizi. Afande akaona tunachelewa bure wakati Rugaaga kuna tangi la kupoozea maziwa.

— Tufunge hiyo kompyuta na nailoni, tuweke ndani ya maziwa. Maziwa hapana haribika, kompyuta itaharibika namna gani?

— Maji yakimwagika hayazoleki, Maître akaunga mkono. Ndiyo maana maziwa ni bora.

Venuste alikaa chini kwenye vumbi. Kisha akasema jambo lililonifanya nimpe kahawa yenye sukari ya ziada. Alisema cha ajabu Jumapili kompyuta haizimi. Jumapili mbili mfululizo amefungua kimya kimya baada ya misa, ikafanya kazi mpaka jioni bila kukohoa.

Maître alitangaza kuwa mashine hiyo ni Katoliki. Fundi Waya alidai siku hiyo watu ni wengi kanisani, hawatumii umeme, unaobaki unakuja huku wote. Afande aliwasikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto.

— Jumapili, ofisi zote za Mbarara zimefungwa. Baridi hakuna mtu anatumia. Inajaa, inajaa, inatoka kwa waya, inakuja mpaka Rwekubo.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Mimi sikuwa na ushahidi wowote. Jumapili asubuhi niko misani, mchana nalala, jiko nalo linalala.

Saa nane akafika mama mmoja kutoka Juru, Nyirabizimana, miguu ina vumbi hadi magotini. Alikuwa na bahasha yenye picha ya binti yake Belyse, picha iliyokuwa inakosekana kwenye fomu. Venuste akamwambia asubiri mashine iamke. Akaketi mwisho wa ubao, karibu nami, akauegemeza mgongo ukutani apumzike. Akainuka upesi. Akaligusa bati kwa kiganja, akakiondoa, akakipuliza.

— Hiyo kompyuta iko wapi humo ndani?

— Hapo hapo, nyuma ya mgongo wako, Venuste akajibu. Nilisogeza meza zipata wiki mbili. Asubuhi hapo pana joto zuri.

Nyirabizimana akaangalia bati. Akaangalia jiko langu, lililogusana na bati. Akaangalia bati tena.

— Bibi, hili jiko huwa linakaa hapa?

Fundi Waya aliikazia macho suruali. Afande aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa na kandambili. Maître alikohoa, kisha badala ya methali akaanza kuhesabu matofali ya ubao. Tena hakuna aliyenitazama.

Jiko nililihamishia hapo mwenyewe wiki mbili zilizopita, upepo wa kiangazi ulipoanza kuniibia makaa. Kila siku nawasha saa tatu. Saa nne linakuwa jekundu.

Nilichukua kitambaa, nikalibeba jiko hadi ng'ambo ya barabara, kwenye upepo. Hawa waliotaka kuleta baridi kutoka Mbarara kwa waya hawakuweza kunishikia hata birika. Venuste akamwagia bati maji, ndoo mbili. Lilipiga kelele kama mafuta. Akaisogeza meza upande wa pili. Tukasubiri. Hakuna aliyekuwa na wazo.

Saa tisa na nusu kompyuta ikaamka. Nyirabizimana akaingia na bahasha yake, akakaa humo muda mrefu, akatoka bila bahasha. Venuste akatuambia zimekwenda zote tisa.

— Lakini ile klimatizeri nayo ilisaidia kidogo, Fundi Waya akasema, na Maître akaafiki huku akifungua fundo la suruali yake.

Kisha wakavuka barabara wote watatu, wakaninyooshea vikombe. Nikawaambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado zito mkononi.